IST: taa za breki zinawaka zikitaka, gia inagoma kutoka P. Nishabadilisha swichi mbili

#1 Wa Kigombe
Wakuu, habari za asubuhi. Nina Toyota IST ya 2004, naishi Tanga mjini, na kila alfajiri nashika njia ya Pangani kwenda Kigombe kuchukua mzigo. Mwezi wa pili huu nateseka. Taa za breki zinakuwa nzima siku tatu, ya nne zinakufa. Siku zikifa, gia nayo haitoki P, pale pa kuegesha, mpaka nibonyeze kile kitufe kidogo pembeni yake. Nikiipigapiga pedeli mara kumi hivi, kila kitu kinarudi.

Fundi wa kwanza kabadilisha swichi ya kwenye pedeli, ikakaa wiki. Wa pili kabadilisha tena, kasema ile ilikuwa feki, ikakaa siku tisa. Juzi usiku likatokea jipya. Nimezima gari, nimefunga milango, nipo ndani nakula, mke wangu anaita kutoka dirishani: "Baba Zuwena, mbona gari linawaka nyuma?" Natoka, kweli, taa za breki zinawaka na hakuna mtu. Kulipokucha betri haina nguvu hata ya kupiga honi.

Jana Hiace nusura initie nyuma. Dereva kashuka, hakunitukana, kaniuliza tu, "Kaka, unafunga breki kimya kimya namna hiyo?" Wanangu wanapanda gari hili kwenda shule. Nianzie wapi kabla sijanunua swichi ya tatu?

#2 Mtoto wa Duga
Naweka kambi hapa. Spacio ya bro ina ugonjwa huohuo.

#3 Fundi Umeme Makorora
Kaka, kabla ya jibu nina maswali matatu. Taa zikifa, na ile ya juu ya kioo cha nyuma inakufa? Fyuzi iliyoandikwa STOP umeitoa ukaiangalia kwa macho yako, na ina rangi gani? Usiku ukiwa umewasha taa ndogo kisha ukakanyaga breki, upande mmoja haufifii?

#4 Kipanya cha Kange
Hiyo ni swichi tu, mnazunguka bure. Swichi za mtumba hazikai. Nunua mpya, funga, sahau.

#5 Wa Kigombe
Mkuu #3, zinakufa zote tatu, na ya juu pia. Fyuzi nimeitoa sasa hivi, ni nzima, rangi ya kijani, imeandikwa 30. La usiku nitakujibu baada ya magharibi.

#6 Fundi Umeme Makorora
Kijani? Kaka, hiyo ya 30 itoe leo, usisubiri kesho. Soma namba iliyochapwa kwenye mfuniko wa boksi la fyuzi, urudishe hiyohiyo. Nyekundu ni 10, buluu ni 15, njano 20, kijani 30. Taa za breki hazihitaji 30 hata kidogo. Globu mbili za wati 21 na ile ya juu, jumla hazifiki wati 65, kwa volti 12 ni kama ampea 5. Mtu hapandishi hadi 30 bila sababu. Ile ya halali ilikuwa inaungua, akachoka kuja na fyuzi mpya kila mara. Maana yake ndani ya gari lako kuna shoti, au ilikuwepo, na sasa kitakachoungua kwanza ni waya.

#7 Mzee wa Barabara ya Ishirini
Makorora umesema kweli. Nimeona Carina ikiungua mkeka wote wa waya chini ya dashibodi kwa ajili ya fyuzi iliyofungwa karatasi ya sigara. Harufu ile huisahau.

#8 Binti Raskazone
Shikamoo Mzee. Naomba nimpinge #4 kidogo. Gari langu ni la kubonyeza kitufe kuwasha. Siku moja likagoma, nikaambiwa stata imekufa, nikaagizwa nilete stata. Nikaomba wanipe dakika kumi. Nikakaa kwenye kiti, nikakanyaga breki, nikamwomba dogo atazame nyuma: taa hazikuwaka. Gari za kitufe haziwaki mpaka kompyuta ione kwamba breki imekanyagwa. Swichi ikifa, gari linadhani hujakanyaga kitu. Kwangu ilikuwa swichi kweli, lakini nilijua kwa kupima, sikubahatisha. Yeye kaweka mbili mpya na ugonjwa umebaki. Ya tatu itafanya nini?

#9 Kipanya cha Kange
Mbili feki ni feki mbili dada. Lakini sawa, pimeni.

#10 Fundi Umeme Makorora
Ngoja niseme njia ya umeme yenyewe, maana bila kuijua tutabishana mpaka mwezi uandame.

Umeme unatoka betri, unapita fyuzi ya STOP, unakuja kwenye swichi juu ya pedeli. Pale unasubiri saa zote, hata ufunguo ukiwa mfukoni, ndiyo maana taa za breki zinawaka gari likiwa limezimwa. Pedeli ikiwa juu, inakisukuma kile kichwa cha swichi ndani na kukata umeme. Ukikanyaga, kichwa kinatoka na umeme unapita. Baada ya swichi njia inagawanyika: mmoja unakwenda nyuma kwenye globu, mwingine unakwenda kufungua kufuli ya gia, mwingine kwa kompyuta.

Sasa tazama dalili zako. Taa zote zinakufa NA gia inagoma, kwa wakati mmoja. Vitu viwili vilivyo mbali hivyo havifi pamoja kwa globu mbovu wala kwa ethi ya nyuma, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye bodi. Kitu kinakatika kabla ya mgawanyiko: fyuzi, kishikio cha fyuzi, waya wa kuja kwenye swichi, plagi yake, au swichi. Humo ndimo pa kutafuta. Ingekuwa gia inatoka vizuri na taa tu ndizo hazipo, ningekwambia nenda nyuma.

#11 Dereva wa Saruji
Darasa safi. Sisi wa malori swichi haipo kwenye pedeli, ipo kwenye bomba la upepo. Upepo wa breki ukipita ndiyo unabana kontakti. Maji yakijaa kwenye matenki na hutoi, swichi inaoza. Nimepigwa faini njia ya Segera kwa sababu hiyo, na trafiki alikuwa na haki.

#12 Mzee wa Barabara ya Ishirini
Marahaba binti Raskazone. Zamani hata magari madogo yalikuwa hivyo kwa mafuta. Volkswagen ile ya mgongo wa kobe swichi ilikuwa imefungwa kwenye masta silinda, mafuta ya breki yakisukuma ndiyo taa inawaka. Ikichoka, ilikuwa inavuja mafuta ya breki kupitia kwenye swichi yenyewe. Hizi za kwenye pedeli ni nafuu, zikifa zinakuachia breki zako.

#13 Nahodha Mstaafu
Hakuna aliyegusa la taa kuwaka usiku zenyewe. Wa Kigombe, chukua tochi, lala chali chini ya usukani utazame pale kichwa cha swichi kinapogusa mkono wa pedeli. Magari mengi yana kifungo kidogo cha plastiki au mpira kimechomekwa kwenye tundu. Kinakauka miaka ikienda, kinapasuka, kichwa cha swichi kinaingia tunduni, na swichi inadhani umekanyaga milele. Tafuta vipande kwenye kapeti.

#14 Wa Kigombe
Nahodha, Mungu akubariki. Nimeinua kapeti la dereva. Vipande vitatu, rangi ya maziwa yaliyochacha, nikikibana kimoja kwa kucha kinakuwa unga. Tundu kwenye mkono wa pedeli liko wazi, kidole changu cha mwisho kinaingia ncha.

#15 Nahodha Mstaafu
Ndiyo hicho. Weka boliti fupi yenye kichwa bapa na nati kwa nyuma, mpaka upate kifungo chenyewe. Tahadhari: baada ya hapo irekebishe swichi, acha uwazi wa milimita moja hivi kati ya mwili wake na boliti. Ukiibana sana itaisukuma pedeli chini kidogo, breki zitaburuza na magurudumu yatapata moto.

#16 Kipanya cha Kange
Uzi umefungwa basi. Kifungo cha plastiki.

#17 Fundi Umeme Makorora
Haujafungwa. Kifungo kinaeleza taa kutozima. Hakielezi taa kutowaka. Kichwa kikiwa tunduni taa zinawaka saa zote, hazifi.

#18 Nahodha Mstaafu
Zikiwaka usiku kucha, ampea 5 zako kwa muda wa saa tisa ni ampea-saa 45, betri ndogo ya IST imekwisha. Kontakti za swichi nazo zinakaa na moto muda wote huo. Mimi nasema ndizo zilizoungua, ya kwanza na ya pili. Kifungo kiliua swichi zote mbili.

#19 Fundi Umeme Makorora
Ampea 5 kwenye swichi nzima haziiunguzi. Inaumia zaidi kwa kuwaka na kuzima, maana uzi wa globu ukiwa baridi unavuta mkondo mara kadhaa ya kawaida kwa nukta moja.

#20 Wa Kigombe
Jibu la usiku. Nimewasha taa ndogo, Zuwena kasimama nyuma na daftari. Nikikanyaga breki, kulia inawaka vizuri. Kushoto inafifia, na endiketa ya kushoto inatoa mwanga mwekundu kama kaa la sigara. Kaandika hivyohivyo, "kaa la sigara".

#21 Binti Raskazone
Huyo Zuwena apewe ovaroli. Hiyo ni ethi ya kushoto. Globu ya 21/5, wati 21 za breki na 5 za taa ndogo, ina nyuzi mbili zinazorudi kwa waya mmoja. Njia ya kurudi ikiharibika, umeme wa breki unatafuta pengine pa kutokea, unapita kinyumenyume kwenye uzi wa taa ndogo na kwa majirani zake. Swali langu: huko nyuma unabeba nini?

#22 Wa Kigombe
Samaki. Ndoo nne za barafu na changu, wakati mwingine pweza. Kila siku isipokuwa Ijumaa.

#23 Binti Raskazone
Maji ya chumvi kila siku kwa miaka! Toa plastiki ya pembeni kushoto kwenye buti, fuata waya mweusi au mweupe na mweusi mpaka ulipofungwa kwa skrubu kwenye bodi.

#24 Mtoto wa Duga
Gari linaumwa pweza jamani 😂 Linawaka na kuzima kama Wagosi wa Kaya msimu huu.

#25 Mzee wa Barabara ya Ishirini
Mpira wa Coastal Union uache, kijana. Turudi kwenye waya.

#26 Wa Kigombe
Dada, nimefungua. Skrubu ilikuwa na unga wa kijani mpaka kichwa hakionekani, na jicho la waya limebaki nusu. Nimekata, nimeweka jicho jipya, nimepiga msasa bodi hadi chuma cheupe, nimefunga na kupaka grisi juu. Kaa la sigara limezimika, pande zote mbili sawasawa. Fyuzi ya halali nimeweka asubuhi. Boliti ya pedeli sijaweka bado, taa zilikuwa zinawaka zenyewe, na fyuzi imeungua saa hiyohiyo nilipofungua mlango wa nyuma kupakia ndoo.

#27 Fundi Umeme Makorora
Sasa tumefika kwenye shoti. Usimalize pakiti ya fyuzi kwa kuitafuta. Chukua soketi ya globu ya wati 21 yenye waya mbili, ichomeke mahali pa fyuzi. Kanyaga breki, mtu atikise waya. Shoti ikitokea globu inawaka kwa nguvu, ikipotea inazima. Hakuna kinachoungua.

#28 Binti Raskazone
Nyongeza kwa #27: toa kwanza globu zote tatu za breki. Zikiwemo, hiyo ya kupimia itawaka hata pasipo shoti, kwa sababu umeme unapita kwao kwenda ethi, naye atadhani shoti iko kila mahali.

#29 Fundi Umeme Makorora
Sahihi kabisa, nimeruka hatua. Asante dada.

#30 Boda wa Mikanjuni
Samahani wakuu, naingilia. Pikipiki yangu taa ya breki inawaka kwa mguu tu, kwa mkono hapana. Ni hayohayo?

#31 Dereva wa Saruji
Pikipiki ina swichi mbili, ya mkono na ya mguu, kila moja inawasha kivyake. Kama mguu unawasha, globu na ethi ni nzima. Tazama kiswichi kidogo chini ya mkono wa breki, kimejaa vumbi au waya umechomoka.

#32 Boda wa Mikanjuni
Umechomoka kweli. Shukrani.

#33 Wa Kigombe
Nimefanya kama mlivyosema. Globu zimetoka, ya kupimia iko kwenye fyuzi, jirani kakanyaga breki, mimi nafungua na kufunga mlango wa nyuma taratibu. Ukiwa chini, giza. Ukifika kimo cha kiuno, globu inawaka mwanga mkali. Nimevuta lile bomba la mpira kwenye bawaba ya mlango, ndani mna waya sita, mmoja umevuliwa ganda urefu wa punje ya mchele, shaba yake inang'aa kwa kusuguliwa na bati. Ndio unaopanda kwenye taa ya juu.

#34 Nahodha Mstaafu
Kila mlango wa nyuma unaofunguliwa mara nyingi huishia hapo. Usisokote tu na kufunga tepu, kata upitishe kipande kipya cha waya laini, lehemu, uviringe vizuri. Kiungo kisikae kwenye mkunjo.

#35 Kipanya cha Kange
Nimekubali, si swichi. Shoti ndiyo mama wa yote.

#36 Fundi Umeme Makorora
Nayo haielezi #1. Yeye alikuwa na fyuzi ya 30 nzima, taa zimekufa, gia imegoma. Shoti ingeunguza fyuzi, isingerudi kwa kupigapiga pedeli.

#37 Wa Kigombe
Nimerudi baada ya siku sita. Kiungo kimelehemiwa, fyuzi ya halali haijaungua, taa zinazima usiku, kushoto na kulia sawa. Nilikuwa nataka kuandika shukrani. Leo saa kumi na moja alfajiri, umande umejaa, gia imegoma P na taa hakuna. Mapigo manne ya pedeli, zikarudi. Nilikuwa peke yangu gizani, nimekaa kwenye kiti nimeishiwa nguvu.

#38 Binti Raskazone
Pole sana kaka. Lakini sasa ugonjwa umebaki mmoja, na ni uleule wa bandiko #10. Hukupima wakati limekufa?

#39 Wa Kigombe
Sikuwa na mita ya kupimia volti.

#40 Nahodha Mstaafu
Swichi. Nimesema tangu #18. Mita ikija, weka ncha moja waya wa kuingia, nyingine wa kutoka, kanyaga breki taa zikiwaka. Kontakti nzima haitakupa hata robo ya volti. Ukiona volti moja au mbili, imeungua ndani. Mwaka 2013 Hyundai na Kia ziliyaita yarudi kurekebishwa magari zaidi ya milioni 1.5 Marekani kwa swichi hii hii, dalili hizo hizo: taa kukata, gia kugoma, kitufe cha kuwasha kugoma. Kiwanda kikubwa kinakosea, sembuse swichi ya kwenye ndoo ya mtumba.

#41 Mzee wa Barabara ya Ishirini
Mimi natazama plagi ya swichi. Mafundi wawili wameichomoa, wakachokonoa kwa ncha za testa. Vile vidomo vya ndani vinapanuka, vinashika kwa bahati. Ukipiga pedeli, mtikisiko ndio unaovigusanisha.

#42 Fundi Umeme Makorora
Nami nasema kishikio cha fyuzi. Kimebeba fyuzi ya 30 na shoti juu yake. Vile vimeno vikipata moto vinapoteza mbano. Kila pigo la pedeli linatikisa paneli, na boksi la fyuzi halipo mbali.

Wa Kigombe, ukitumia mita peke yake itakudanganya. Waya uliobaki uzi mmoja wa shaba utakuonyesha volti 12 safi kwa sababu mita haivuti kitu. Tumia globu ya wati 21 iliyofungwa waya mbili, mguu mmoja kwenye bodi. Ikifa tena usipigepige pedeli. Gusa juu ya fyuzi pande zote mbili, kisha waya wa kuingia kwenye swichi, kisha wa kutoka.

#43 Wa Kigombe
Nimeitengeneza globu hiyo, imekaa kwenye droo siku nne. Leo alfajiri limekufa tena, nikaona bora nichelewe samaki. Juu ya fyuzi, upande wa kwanza: mwanga mkali. Upande wa pili: mkali. Waya wa kuingia kwenye swichi: uzi mwekundu tu, kama mkaa unaokufa. Sikufika wa kutoka. Niligusa paneli kwa kiwiko, ukawa mkali palepale.

#44 Fundi Umeme Makorora
Basi swichi imetoka kwenye kesi. Ni kimeno cha upande wa pili wa fyuzi.

#45 Mzee wa Barabara ya Ishirini
Au plagi ya katikati kati ya boksi na swichi. Huko nyuma ya paneli zipo. Ulichomeka upande gani wa plagi ya swichi, kwenye waya au kwenye vidomo?

#46 Wa Kigombe
Kwenye vidomo, kupitia nyuma.

#47 Nahodha Mstaafu
Hapo kapima waya, siyo swichi. Nakubali. Lakini boliti ile niliyokushauri, hakikisha haigusi waya huo ukikanyaga.

#48 Wa Kigombe
Nitatazama vyote vitatu. Jumapili saa nne asubuhi natoa paneli ya chini, niko uani kwangu Makorora. Mpaka siku hiyo watoto wanakwenda shule kwa bajaji.

#49 Fundi Umeme Makorora
Kumbe jirani. Nielekeze mtaa, nakuja na vimeno vipya vya boksi la fyuzi.

#50 Binti Raskazone
Zuwena asikose na daftari lake.